Kwa Aliyekokotoa Wastani

Sura yako siijui. Naijua sahihi tu,
chini ya ukurasa wa tisa: T. Korpela, mtakwimu,
wino wa buluu, mkia wa herufi ya mwisho umekatika
kana kwamba simu ililia.

Mimi ni mama wa namba thelathini na moja.
Nyumbani tunamwita Oiva.
Ana miaka kumi na minne. Hapendi bomba linalotona,
hapendi soksi zenye mshono,
na usiku wa kiangazi, jua linapogoma kuzama Kuopio,
huizunguka meza ya jikoni mpaka mbao zinung'unike.

Daktari Parviainen alinichorea nyuma ya bahasha:
kuna jeni moja yenye kigugumizi,
herufi tatu zilezile, zilezile, zilezile,
kwa wengine mara thelathini, kwake zaidi ya mia saba,
hata mwili ukachoka kuisikiliza, ukaifunga.
Humo ndani ilikuwemo protini, na kazi yake breki.
Pasipo breki neva huitana usiku kucha,
kila kipokezi mlango wazi, kila mlango kelele.
"Dawa hii," akasema, "haiundi breki.
Inapunguza tu kishindo cha anayegonga."

Nikauliza kigugumizi kilitoka wapi.
Hakunijibu upesi. Aliitazama kalamu.
Kwa baba yangu kimo, kifupi, kimejikunyata.
Kwangu kimo.
Kwa Oiva kikafurika.
Nilikuwa kivuko; nilivusha mzigo nisioupima.

Wiki ya sita (kwako ni nukta kwenye mchoro)
nilirudi kutoka zamu ya usiku kiwandani,
nywele zikinuka rojo la karatasi,
nikaketi bila kuvua buti.
Oiva akaacha kuzunguka.
Akanitazama, si sikio, si ukuta nyuma yangu: macho.
"Mama, umechoka?"

Daftari mlilotupa halikuwa na kisanduku cha hilo.
Lilikuwa na: kuhamaki, sifuri hadi tatu.
Usingizi, kwa saa.
Nikaliandika pembeni, kwa penseli, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayeficha pesa.

Kisha barua: utafiti umesitishwa.
Waliokunywa dawa na waliokunywa vidonge vitupu,
kwa wastani, hawakutofautiana.
Akaja kijana mpole kuhesabu vilivyobaki,
akapima hata chupa.
Kwa wastani! Wastani hana mama.
Wastani hajawahi kuketi na buti jikoni mwangu.

Siku ile nilikuandikia matusi. Sikuyatuma.

Na afadhali, maana theluji ilipoyeyuka
walitufumbulia nani alimeza nini.
Oiva alimeza dawa ya kweli. Ndiyo.
Lakini Helka wa Iisalmi, namba kumi na saba,
aliyepanda baiskeli wiki ileile,
ambaye mama yake alinipigia simu akashindwa kusema kwa kilio,
Helka alikuwa akimeza wanga.

Basi sijui.
Huenda ni dawa. Huenda ni sisi,
tuliokodolea mlango macho hadi ukaona haya ukafunguka.
Huenda wewe ulikuwa sahihi, nami ni mama tu.
Wewe umebaki na tarakimu, mimi na swali moja,
na hakuna kati yetu aliyeshiba.

Oiva hajauliza tena. Meza anaizunguka.

Jumapili baba yangu huja. Mikono imeanza kumtetemeka;
kile kifupi kilichojikunyata kimeamka uzeeni kudai chake.
Kahawa humwagikia sahani, humwagikia suruali,
naye husingizia kikombe.
Jumapili hii Oiva alipita karibu yake, akakichukua kikombe,
akamimina nusu kwenye sinki,
akakirudisha, akaendelea na mzunguko.
Hakuna aliyemwagiza.
Hakutazama mtu.

Sikuombi ukokotoe upya, Korpela.
Andika tu pembeni, kwa penseli:
nusu kikombe, haikumwagika.